Mgonjwa Asiachwe Njiani

Marehemu kaka yangu alikohoa tangu masika hadi vuli. Alitibiwa kifua kikuu asipate nafuu, kisha akapigwa picha ya kifua, akaagizwa aende hospitali kubwa jijini akatolewe kinyama cha pafu kwa uchunguzi. Hakwenda. Karatasi ya rufaa aliilaza chini ya godoro kwa muda wa wiki saba. Sisi nduguze tulimlaumu kuwa ni mwoga. Kumbe hakujua aanzie dirisha lipi, alipe nini, wala amwulize nani, na aliona haya kutuambia.

Muuguzi mmoja aliyeliona jina lake katika orodha ya wasiofika ndiye aliyempigia simu. "Mzee, mbona hatukuoni? Njoo kesho saa mbili asubuhi, nitakungoja mlangoni." Walikwenda pamoja dirisha kwa dirisha. Alimweleza maana ya kila karatasi, akamwandikia tarehe ya majibu, akamwuliza kama anayo nauli ya kurudi.

Kazi hiyo ni uelekezi wa wagonjwa. Daktari Harold Freeman aliianzisha Harlem, mjini New York, mwaka 1990, baada ya kuona wanawake maskini wakifika hospitali na saratani ya matiti iliyokwisha kukomaa. Hapo awali, wagonjwa 39 tu katika kila 100 waliishi miaka 5. Baada ya kuwapo waelekezi pamoja na uchunguzi wa bei nafuu, walifikia 70.

Saratani ya mapafu nayo yahitaji mwelekezi, kwa kuwa kikohozi chake hudhaniwa kuwa kifua kikuu, na vipimo vyake ni vingi kabla daktari hajaamua kama ni upasuaji, mionzi au dawa. Kila mlango una foleni yake, ilhali ugonjwa haungoji.

Kaka aliifikia mionzi akiwa amechelewa. Ilimpunguzia maumivu, naye akafia nyumbani, mikononi mwetu. Wiki zile saba zinaniuma hadi leo, kwani miguu ya kumsindikiza nilikuwa nayo.

Basi pasipo na mwelekezi, ndugu na awe mwelekezi. Achukue daftari na kuuliza mambo matatu: sasa tunakwenda wapi, majibu yatatoka lini, na tukikwama tumwone nani? Kumwambia mgonjwa "nenda hospitali" hakutoshi. Tumwambie, "Twende."