Shilingi Sita za Huddersfield



Wiki hii tunaomba mtuvumilie, maana tunawapeleka mbali kidogo na altare, hadi kwenye viwanja vya raga vya Uingereza. Wala si raga ile ya watu 15 au ya watu 7 iliyowapa majirani zetu wa Kenya sifa, bali ndugu yake, raga ya ligi, ambamo kila upande una wachezaji 13. Mchezo huo tuliufahamu enzi za masomo, tulipotumwa wakati wa likizo kusaidia parokia moja ya Lancashire. Waamini wa kule walikuwa wakitoka Misa ya asubuhi na kuujadili mlangoni mwa kanisa kwa bidii ambayo mahubiri yetu hayakuwahi kuipata. Katika mji wa Wigan ipo hata klabu ya ridhaa, Wigan St Patricks, iliyoanzishwa mwaka 1910, na jina lake ni la parokia ya Kikatoliki ya mtaa wa Scholes.

Mchezo huo ulizaliwa kutokana na ugomvi wa ujira. Mwishoni mwa karne ya 19, wachezaji wengi wa raga wa Yorkshire na Lancashire walikuwa watu wa migodini na wa viwanda vya nguo, na Jumamosi asubuhi ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Aliyesafiri kwenda kucheza mji wa mbali alikatwa mshahara. Mabwana waliokiongoza chama cha raga hawakupoteza kitu kwa kucheza, kwa hiyo waliona ni aibu mchezaji kufidiwa. Mwaka 1893 watu wa Kaskazini walipeleka hoja London, kwamba mchezaji arudishiwe ujira alioupoteza kweli. Walishindwa kwa kura 282 dhidi ya 136. Ndipo tarehe 29 Agosti 1895 wajumbe wa vilabu walipokutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, vilabu zaidi ya 20 vikajitenga na kuunda umoja wao. Walichokidai hakikuwa utajiri: fidia isiyozidi shilingi 6 kwa siku ya kazi iliyopotea.

Miaka minne kabla ya mkutano ule, mwaka 1891, Baba Mtakatifu Leo XIII alikuwa ametoa waraka wa Rerum Novarum juu ya hali ya wafanyakazi na ujira wa haki. Hatudai kwamba wale wa Huddersfield waliusoma. Lakini jambo lilikuwa lile lile.

Tunayaandika haya kwa sababu halmashauri yetu ya walei imepokea ombi linalofanana nalo mno. Kijana mmoja wa VIWAWA, kibarua wa ujenzi, ameomba arudishiwe ujira wa siku aliyoikosa alipokwenda kuichezea parokia mpira katika mashindano ya dekania. Baadhi ya wazee wamekasirika. Mchezo wa ridhaa, wanasema, mtu anadaije? Kiswahili chetu kimelipa neno hilo uzito: ridhaa ni hiari ya moyo uliokubali. Sisi tunauliza, hiari hiyo inampimaje mtu ambaye siku moja bila kibarua ni siku moja bila unga nyumbani? Mwalimu na karani hucheza Jumamosi na mshahara wao uko pale pale. Na silabi ya mwisho ya VIWAWA, tukumbushane, inasimama badala ya Wafanyakazi.

Turudi Uingereza, maana hadithi haikuishia kwenye shilingi 6. Kuanzia mwaka 1898 umoja ule uliruhusu malipo kamili, na kadiri klabu kubwa zilivyokua, wachezaji wa ridhaa waliachwa pembeni. Ikabidi mwaka 1973, tena Huddersfield, waunde chama chao wenyewe. Hata hivyo mchezo ulibaki kama mali ya Kaskazini, hadi mwaka 1997 ilipoanzishwa ligi ndogo ya timu 10 kwa ajili ya watu wa katikati na kusini mwa nchi.

Mpango wa ligi ile ulitupendeza kuliko matokeo yake. Walicheza majira ya kiangazi, wakati raga ya watu 15 imepumzika, viwanja viko wazi na wachezaji wake wana nafasi. (Kwa miaka mingi aliyejaribu mchezo wa watu 13 alifungiwa na wale wa 15, milango ilifunguka kabisa mwaka 1995 tu.) Timu zilipoongezeka, ziligawanywa katika makundi ya jirani na jirani, ili nauli isimshinde mtu. Hatusemi yote yalikwenda vizuri. Zipo timu zilizocheza msimu mmoja zikatoweka, hasa pale mzigo wote ulipobebwa na mtu mmoja mwenye moyo. Baada ya msimu wa 2011 mashindano yale yalivunjwa yakawa ligi za kanda. Skolars wa kaskazini mwa London, waliokuwamo tangu msimu wa kwanza, walipanda mwaka 2003 hadi ngazi ya kulipwa, wakaihimili miaka 20, kisha baada ya msimu wa 2023 wakajitoa na kurudi kwenye ridhaa. Wapo walioita hayo maanguko. Sisi hatuoni hivyo. Klabu ikibaki na vijana na uwanja, haijaanguka.

Basi, kwa mashindano ya vigango ya mwaka huu tumeipelekea halmashauri mapendekezo matatu. Vigango vicheze kwa makundi ya jirani, tusiwakodie watu lori la kuvuka parokia nzima. Ratiba ianze baada ya mavuno. Na pawe na mfuko mdogo wa kumfidia kibarua siku yake, kwa kiasi kitakachotangazwa wazi kanisani, bila kumwaibisha anayekipokea. Halmashauri itakutana Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Wazee wenye hoja ya kupinga tunawaomba waje wenyewe, na kijana yule naye ameitwa.