Safari yetu ya Idjwi

Wamama wenzetu, likelemba imejaa. Kama njia ya Kamanyola na Ngomo inapitika, likizo kubwa tunakwenda Idjwi, siku tatu, pamoja na watoto.

Wengine wanauliza: kisiwa cha nini, na ziwa tunalo hapa Uvira? Lakini maji ya Kivu ndiyo yanayoshuka na Ruzizi mpaka kwetu uwandani. Hata ndagala wetu wa Tanganyika walipelekwa kule, wakapewa jina la sambaza. Tunakwenda kuona ndugu, basi. Kuna mananasi, kahawa, magari machache, na watu wasio na haraka. Tena Kivu haina mamba. Sisi tunaokataza watoto kukaribia Ruzizi kila siku, tutawaona wakioga bila kupiga kelele.

Shida ni boti. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Goma, ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, na wengi walikufa. Wawili wetu tulitumwa Bukavu kuuliza bei. Tuliambiwa jile za kuelea majini zipo. Tulipoomba kuziona, tukahesabu sita, mbili zimepasuka, na hakuna hata moja ya mtoto. Sisi tuko ishirini na wanne, watoto kumi na mmoja.

Kwa hiyo Jumamosi kila mama aje na jibu: tuongeze mchango tununue jile zetu wenyewe, ao watoto wabaki na bibi zao? Pesa ya mananasi isiguswe kwanza.