Meli au Ndege? Wachumba wa Geita Wanuniana Kisa Safari ya Bukoba

Kuna mnunuzi wa dhahabu pale Geita, jina kapuni, kanuniana na mchumba wake kisa safari ya kwenda kujitambulisha ukweni Bukoba. Jamaa anataka wapande ndege Mwanza, haifiki saa moja washatua. Binti anataka MV Victoria, usiku kucha majini.

Jamaa meli hataki hata kuisikia: mjomba wake alizama na MV Bukoba, 21 Mei 1996. Binti naye alikuwepo ufukweni Bukoba 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani wakafa watu 19.

Nauli si tatizo, wala muda. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hawa wameumwa na ziwa moja.

Basi la kupitia Biharamulo lipo, nchi kavu tupu. Ila nani ataanza kulitaja?