Kitabu na Sikio: Kuazima Vitabu Baina ya Maktaba za Vyuo Vikuu na Uhakiki wa Fasihi ya Pwani ya Kusini

Uhakiki wa fasihi aghalabu hujadiliwa kana kwamba ni kazi ya akili peke yake: nadharia imechaguliwa, matini imesomwa, hoja imejengwa. Ni nadra sana kuulizwa matini hiyo ilimfikiaje mhakiki mkononi. Suala hilo huachiwa wakutubi, likahesabiwa kuwa ni la utawala wala si la taaluma. Hata hivyo, kwa mtafiti anayeishi mbali na chuo kikuu, swali la nani anaruhusiwa kuazima kitabu gani, kutoka maktaba ipi na kwa muda gani, ndilo linaloamua kipi kitaandikwa na kipi kitanyamaziwa. Insha hii inalitazama suala hilo kutoka Kwale, katika ukanda unaoanzia Diani, ukapitia Msambweni na kuishia Vanga na mpaka wa Lunga Lunga.

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Kiswahili hutenganisha kukopa na kuazima. Aliyekopa kibaba cha unga hurudisha kibaba kingine. Aliyeazima jembe hurudisha jembe lile lile. Kitabu huazimwa, hakikopwi, na kwa hiyo mwenye kitabu hubaki na haki ya kukidai, naye aliyekiazima hubaki na wajibu wa kukitunza. Wahenga nao walituonya kwamba nguo ya kuazima haistiri matako. Katika taaluma, nguo ya namna hiyo ni nukuu iliyochukuliwa kutoka katika nukuu ya mwingine: mtafiti ambaye hakukiona kitabu chenyewe huivaa hoja ya mtu, na siku ikivutwa hubaki uchi. Mtu asiyeweza kuazima kitabu hulazimika kuazima maneno ya waliokisoma.

Kwale ina sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Mbali na Chidigo na Chiduruma, pwani hii ina lahaja za Kiswahili ambazo hazina wasemaji wengi: Kivumba cha Wasini na Vanga, na Chichifundi cha Shimoni na Funzi. Lahaja hizi zilipata bahati ya kuandikiwa mapema. Mnamo 1957 H. E. Lambert alitoa kijitabu chake juu ya Kivumba, na mwaka uliofuata akatoa kingine juu ya Chichifundi. Vyote viwili vilichapishwa Kampala na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo wakati huo ilikuwa na makao yake Makerere. Maneno yalichotwa kusini mwa Mombasa, yakapigwa chapa kando ya Ziwa Viktoria, kisha yakasambaa katika maktaba za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na Ulaya. Yalikochotwa ndiko ambako ni shida kuyapata. Huko Diani, ambako hoteli za watalii zimepangana ufuoni, ni rahisi zaidi kuokota riwaya ya Kijerumani iliyoachwa na mgeni kuliko kukiona kijitabu kinachohusu lahaja inayosemwa mwendo wa saa moja tu kutoka hapo.

Ushirikiano wa vyuo katika eneo hili si jambo geni. Kuanzia 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vya chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kamati ya Kiswahili nayo ilihama kutoka Makerere hadi Mombasa mnamo 1962, kisha ikaishia Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzishwa mwaka 1964. Baadaye mambo yalibadilika. Vyuo vilitengana 1970. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na mwaka huo huo mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi Novemba 1983. Kwa zaidi ya miaka sita mtu wa Vanga, ambaye ana jamaa zake upande wa Tanga, hakuweza kupita kihalali Lunga Lunga kwenda Horohoro, sembuse kwenda Dar es Salaam kusoma mojawapo ya miswada ambayo J. W. T. Allen aliiorodhesha katika katalogi yake ya 1970. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki liliundwa 1980, mpaka ukiwa ungali umefungwa. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini 1999, na mwaka 2017 wakuu wa nchi wanachama wakalitangaza eneo lote kuwa eneo moja la elimu ya juu. Nchini Kenya kwenyewe, tangu 2003 maktaba za vyuo zimeungana ili kulipia kwa pamoja majarida ya kielektroniki.

Kwa hiyo makubaliano yapo, tena si haba. La kuuliza ni yamefungwa baina ya nani na nani. Makubaliano ya maktaba hufungwa na taasisi mbili, na msomaji huingia kwa mgongo wa taasisi yake. Huja na barua ya utambulisho kutoka kwa mkutubi wake mkuu; hupewa kadi ya msomaji mgeni; huelezwa daraja lake. Kwa desturi, mhadhiri huazima vitabu vichache kwa majuma machache. Mwanafunzi wa uzamili huruhusiwa kusoma humo humo. Asiye na taasisi husubiri hisani ya aliyepo mezani. Tasnifu, miswada na vijitabu adimu huwekwa katika kitengo cha akiba, na hivyo haviazimwi na yeyote. Kila kanuni kati ya hizi ina sababu ya haki: kitabu kisichoweza kununuliwa tena kikipotea kimepotea. Lakini kanuni zote zikijumlishwa huzaa matokeo ambayo hakuna aliyeyakusudia.

Kisa cha mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya Msambweni chatosha kuyaonyesha matokeo hayo. Mwalimu huyo alijiandikisha kwa shahada ya uzamili huku akiendelea kufundisha, na mada yake ilikuwa nyimbo za harusi za Wavumba. Alikuwa amerekodi nyimbo kadhaa Vanga, na ndani yake mlikuwa na maneno ambayo hayamo katika Kimvita wala katika kamusi za Kiswahili sanifu. Msimamizi wake alimwelekeza kwa Lambert. Chuo chake hakikuwa na nakala. Chuo mshirika, ng'ambo ya kivuko, kilikuwa nayo. Kwa kuwa siku za juma alikuwa darasani, alibakiwa na Jumamosi. Alfajiri alipanda matatu hadi Ukunda, nyingine hadi Likoni, akavuka kwa feri, kisha akaunga gari la tatu. Abiria wa miguu halipi nauli Likoni, ila hulipa kwa saa zake.

Mkutubi wa zamu alikuwa mtu muungwana, na alikitoa kijitabu bila kusita.

"Barua yako naiona, mwalimu," alisema. "Lakini makubaliano yanasema wahadhiri wataazima, wanafunzi watasoma humu humu. Na hiki kimo kwenye akiba. Hata mhadhiri hatoki nacho."

"Na fotokopi, dada?"

"Mgongo wake umeachia. Nikikilaza kwenye mashine kitapasuka. Keti hapo dirishani, pana mwanga."

Alinakili kwa penseli tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa, maktaba ilipofungwa. Kesho yake, Jumapili, alikwenda Vanga kwa bibi mmoja miongoni mwa waliomwimbia zile nyimbo, akamwamkia, akafungua daftari na kumsomea maneno moja baada ya jingine. Mengi bibi aliyakubali kwa kutikisa kichwa. Alipofika kwenye neno moja alimzuia kwa mkono.

"Hilo silo, mwanangu. Nani aliyekwambia?"

"Kitabu, bibi."

"Basi ama kitabu kilisikia vibaya, ama wewe uliandika vibaya. Rudi ukakiulize."

Hapa ndipo ilipo thamani ya haki ya kuazima. Mbele ya mwalimu palikuwa na maelezo matatu, na kila moja lilikuwa na uzito wake. Huenda Lambert aliandika alivyolisikia neno kutoka kwa msemaji mmoja tu. Huenda penseli iliteleza katika kunakili kwa haraka. Huenda lugha yenyewe ilibadilika katika miongo sita na ushei. Kama kijitabu kingekuwa mkononi, shaka ya pili ingeondoka papo hapo, mkekani pale, mbele ya mwenye lugha. Kwa kuwa hakikuwapo, mazungumzo yalikatika.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alirudi, akakuta kitengo cha akiba kimefungwa kwa ajili ya kuhesabu vitabu. Jumamosi ya tatu alikiona tena kijitabu: neno lilikuwa vile vile alivyoliandika. Safari hii alinakili sentensi nzima badala ya neno tupu. Bibi alipoisikia sentensi alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kumbe amewahi kulisikia neno hilo kwa nyanya yake, aliyetoka Wasini. Yeye na wenziwe wa Vanga hawakulitumia kamwe. Hivyo kosa halikuwa la kitabu wala la penseli. Palikuwa na tofauti baina ya kisiwa na bara, au baina ya kizazi na kizazi, ambayo haikuwamo katika maandishi yoyote aliyoyasoma. Katika tasnifu yake jambo hilo lilipata tanbihi moja ya mistari minne. Mistari hiyo minne iligharimu Jumamosi tatu na kuvuka feri mara sita.

Yamkini atatokea mwenye kusema kwamba utafiti wote una gharama, na kwamba mwalimu hatimaye alilipata alilolitaka. Ni kweli. Ila inapasa kuuliza ni watafiti wangapi watavuka mara sita kwa ajili ya neno moja. Wengi watalifuta lile neno, au watamnukuu aliyemnukuu Lambert, na bibi wa Vanga atabaki na masahihisho yake ambayo hayamfikii mtu. Hasara hiyo haionekani katika takwimu za maktaba yoyote, kwa kuwa maktaba huhesabu vitabu vilivyoazimwa wala haihesabu maswali yaliyoachwa.

Lililo zito zaidi ni hili. Maandishi juu ya lahaja na nyimbo huhitaji vitu viwili ili yahakikiwe: kitabu na sikio. Msomaji wa London au wa Nairobi anacho kitabu, lakini hana sikio la kumjulisha kama neno hilo husemwa hivyo. Msikilizaji wa Vanga analo sikio, lakini hana kitabu. Makubaliano ya sasa huwapelekea kitabu wale ambao tayari wanavyo vitabu vingi, maana hao ndio wenye taasisi zinazoweza kutia saini. Kwa njia hiyo mamlaka ya kusahihisha hubaki kwa wasioweza kusikia. Fasihi ya mahali fulani huhakikiwa na kila mtu isipokuwa wenyeji wake, na si kwa sababu wenyeji hawana la kusema.

Inadhaniwa siku hizi kwamba mtandao umelimaliza tatizo hili. Umelipunguza kwa upande mmoja. Chuo cha SOAS, London, ambacho kinahifadhi karatasi za W. E. Taylor pamoja na mashairi ya Muyaka bin Haji yaliyokusanywa Mombasa, kimeweka sehemu ya miswada yake ya Kiswahili mtandaoni, na mwalimu wa Msambweni anaweza kuisoma kwenye simu yake akiwa chini ya mwembe. Hapo ndipo inapodhihirika ajabu ya hali yenyewe: mswada wa karne ya 19 ulioko ng'ambo ya bahari humfikia mara moja, ilhali kijitabu cha 1957 kilichoko ng'ambo ya kivuko hakimfikii. Aidha, majarida yanayolipiwa kwa pamoja na vyuo vya Kenya hayawezi kuziba pengo hilo, kwa kuwa vijitabu vya Kamati ya Kiswahili havimo ndani ya majarida hayo.

Mambo matatu yangeweza kufanywa bila gharama kubwa. Kwanza, makubaliano baina ya vyuo yamtaje mwanafunzi wa uzamili anayeishi mbali na bewa, na mwalimu wa sekondari anayefanya utafiti, kuwa waazimaji kamili, kwa dhamana ya mwalimu mkuu au ya chuo. Pili, kijitabu kinachohusu lugha ya mahali fulani kitengenezewe nakala, kwa kuzingatia haki za mwenye chapa, na nakala hiyo iwekwe kule maneno yalikochotwa, ili isomwe pamoja na wenye lugha. Tatu, kila kitabu cha namna hiyo kiambatanishwe na daftari ambamo msomaji ataandika aliyoyasikia, akitaja mahali na mwaka, ili atakayefuata asianze upya.

Pendekezo la tatu ndilo linaloelekea kudharauliwa, na labda ndilo lenye manufaa zaidi. Vijitabu vya Lambert vilitoka katika vinywa vya Wavumba na Wachifundi, watu ambao hawakuazimisha kitu kwa maandishi wala hawakuwekewa tarehe ya kurudishiwa. Kuwarudishia kitabu ni nusu ya deni. Nusu ya pili ni kuwaachia nafasi ukingoni mwa ukurasa, wakatae neno au walikubali.