Atatupata Huko

Raha ya kuendesha baiskeli kwa kundi ni kwamba mwenzako wa mbele anakukatia upepo. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480, na upepo wote huo nani anautaka peke yake? Lakini mvua ikinyesha, gurudumu lake linakurushia matope mdomoni. Na rimu zikilowa, breki zinachelewa kushika, kwa hivyo lazima uachie nafasi. Mvua ya Novemba ilitupata tukishapita Emali, tukiwa kumi na mmoja, na kundi likavutika kama uzi wa sweta.

Lori likipita, wimbi la maji linakufunika na kwa sekunde mbili huoni lami. Mwisho kabisa alikuwa dada mmoja ambaye raba za breki zilikuwa zimeisha, kila mteremko anaushuka kwa miguu. Wengi walitaka kufika Makindu kabla ya giza, kwenye hekalu la Kalasinga ambapo wasafiri hulishwa bure. (Hata mimi chapati nilikuwa naziota.)

“Atatupata huko,” walisema, wakaenda.

Barabara ya Mombasa, usiku, peke yake?

Tulibaki watatu chini ya kibanda cha maembe, meno yakigongana. Nusu saa, hakuna mtu. Halafu taa ndogo ikatokea pembeni mwa barabara, mwendo wa kutembea. Akafika, akakamua soksi.

“Nani ana raba za breki?”

Zilikuwepo. Zilikuwa zimeshatangulia Makindu, kwa begi la kiongozi wetu.