Lesbos, Ugiriki: Mama wa Uvira akuta ufunguo wa wakimbizi wa zamani

Ni mwezi wa kumi na moja, saa moja ya asubuhi, kaskazini mwa kisiwa cha Lesbos nchini Ugiriki. Umande haujakauka, lakini tayari watu wanatandika nyavu chini ya miti ya zeituni. Mama mmoja mzaliwa wa Uvira, ambaye ni muuguzi nchini Ubelgiji, amekuja kwa juma moja kumtembelea mdogo wake. Kijana huyo alifika hapa kwa mtumbwi wa mpira miaka kadhaa iliyopita, akapewa karatasi, na sasa anavuna zeituni katika shamba la mama mzee mmoja wa kijiji cha Skala Sykamnias.

Mgeni alifikiri atakuta bahari na hoteli, kama picha zinavyoonyesha. Amekuta mashamba. Lesbos ina miti ya zeituni karibu milioni 11. Inapanda milimani hadi juu, kwenye ngazi za mawe ambazo watu wa zamani walizipanga bila simenti ili mvua isibebe udongo. Kwa mtu aliyekulia chini ya milima ya Uvira, hilo halihitaji maelezo.

Wanaume wanapiga matawi kwa fimbo ndefu. Zeituni zinaanguka kama mvua ya mawe, na wanawake wanapiga magoti kuondoa majani kabla ya kujaza magunia. Jioni magunia yanapelekwa kwenye mashine ya kukamua. Ili kupata lita moja ya mafuta, inahitajika kilo kama 5 za zeituni, na mara nyingi mwenye mashine analipwa kwa mafuta yenyewe. Mafuta mapya ni ya kijani na yanawasha kooni. Watu wanachovya mkate palepale, wakiwa wamesimama. Mgeni akakumbuka mawese ya Fizi: rangi na harufu ni tofauti, lakini ile furaha ya kuonja mafuta ya siku hiyohiyo ni moja.

Kijiji nacho kina desturi zake. Baada ya chakula cha mchana milango inafungwa na hakuna anayepiga kelele, kwani ni saa ya kulala. Jioni wazee wanakaa kwenye nyumba ya kahawa. Kikombe ni kidogo, glasi ya maji iko pembeni, na kikombe hicho kimoja kinaweza kumaliza saa mbili. Wengine wanazungusha shanga mkononi bila kusali, ni mazoea tu. Baada ya mvua za kwanza, akina mama wanapanda mlimani na kisu na mfuko kuchuma mboga za porini. Wanazichemsha, kisha wanatia mafuta na limao. Mgeni alipozionja alisema, "Hii ni lengalenga iliyokosa karanga." Mdogo wake alipotafsiri, mama mzee alicheka hadi akakaa chini.

Neno moja lilimshangaza. Kwa Kigiriki, *xenos* ni mtu wa mbali usiyemjua, na pia ni mtu aliyekuja kwako umpokee. Kiswahili nacho kinatumia neno moja tu, mgeni. Ila katika lugha zote mbili, neno halisemi kama mlango utafunguliwa.

Mama mzee analijua hilo kupitia familia yake. Kutoka bandari ndogo ya kijiji, pwani ya Uturuki inaonekana wazi, umbali wa kama kilomita 10. Nyanya yake alitoka ng'ambo hiyo, katika mji wa Ayvalik, mwaka 1922, wakati jeshi la Ugiriki liliposhindwa vitani. Aliacha nyumba na miti yake ya zeituni, akavuka na watoto, picha takatifu ya Bikira Maria na ufunguo wa mlango. Mwaka uliofuata, mapatano yaliyotiwa sahihi Lausanne yalifunga njia ya kurudi. Wakristo zaidi ya milioni moja waliondolewa Uturuki, na Waislamu zaidi ya laki tatu wakaondolewa Ugiriki. Waislamu wa Lesbos nao walivuka wakilia, na baadhi yao wakapewa nyumba hukohuko Ayvalik.

Waliofika Ugiriki walikuwa wa dini moja na wenyeji, lakini hilo halikuwazuia wengine kuwaita mbegu ya Waturuki. Walikuwa wengi, nchi ilikuwa maskini, na kila kipande cha shamba kilikuwa na ugomvi wake.

"Nyanya yangu alikataa kupanda hata mti mmoja," mama mzee alisimulia, kijana akitafsiri. "Alisema mzeituni unachukua miaka mingi kuzaa, nasi tunarudi kwetu kabla ya Pasaka. Pasaka saba zikapita. Siku moja akachukua jembe bila kusema neno. Mti ambao mdogo wako anaupiga sasa hivi, ni yeye aliupanda."

Mwaka 2015 mitumbwi ilipoanza kufika kwa mamia kwenye pwani hii, wavuvi na akina mama wazee wa kijiji waliingia majini kuvuta watu na kuwapa watoto maziwa. Baadaye uchovu ulikuja, na hasira pia. Kisiwani kulikuwa na waliotaka wageni waondoke. Mama mzee hafichi jambo hilo. Anasema tu kwamba kwao, mtu aliyelowa maji ya bahari hakuulizwa anatoka wapi.

Mgeni alinyamaza muda mrefu. Mama yake mzazi yuko kambini Burundi, upande ule ambako taa zake walikuwa wakiziona usiku kutoka Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Amefunga ufunguo wa nyumba kwa kamba shingoni. Mbele ya hema lake kuna kipande cha udongo, lakini hataki kukilima. Kila mara binti akimwambia kwa simu, wanagombana. "Kupanda hapa ni kusema sitarudi," mama hujibu, kisha anakata simu.

Jioni ile binti alipiga tena. Hakumshauri chochote. Alimsimulia tu habari ya mwanamke wa Ayvalik, Pasaka saba na jembe. Kambini mama alisikiliza, kisha akauliza jambo moja.

"Na ufunguo, aliutupa?"

Ufunguo ulikuwa ukutani, mbele yao. Unaning'inia kwenye msumari kando ya picha ya Bikira Maria, chini ya taa ndogo inayowaka kwa mafuta ya shamba lile. Mama mzee anaupangusa kila mwaka kabla ya Pasaka, ingawa hajui kama mlango wake bado upo.

"Hapana, mama. Upo. Ninauona."

Simu ilikaa kimya kidogo.

"Basi nitumie mbegu za lengalenga," mama akasema. "Hiyo inakomaa kwa majuma manne. Lakini mti, hapana. Mti sipandi."

Binti alimjibu kwamba lengalenga inatosha.