Ulaya Iliyo Shambani Mgeta

Niliwahi kuombwa kuwezesha mafunzo ya siku mbili kwa walimu wa Historia wa sekondari huko Mgeta. Nilipanda milima ya Uluguru kutokea Sangasanga nikiwa na slaidi tele: Mapinduzi ya Viwanda, Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, Mkutano wa Berlin. Nilijiona nimejiandaa.

Kabla ya adhuhuri, mwalimu mmoja aliyekuwa kimya alinyoosha mkono. “Dokta, haya tunayakariri sisi, wanafunzi nao wanayakariri. Mtihani ukipita, nayo yamepita. Ulaya hii inaingilia wapi hapa Mgeta?” Nilisema maneno mengi, lakini swali sikulijibu.

Wakati wa chakula alinitoa nje, akanionyesha mteremko uliokatwa matuta ya ngazi, umejaa kabichi na njegere. “Shamba lile nimerithishwa na mjomba wangu. Ujanani alichimba matuta kwa amri ya serikali ya Mwingereza. Leo nafundisha wajukuu zake habari za Ulaya, wala matuta hayo sijawahi kuyataja darasani.”

Siku ya pili sikuifungua kompyuta. Tulianza na mteremko. Kwa nini, katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta? Swali hilo lilitupeleka kwenye Uingereza iliyotoka vitani mwaka 1945 ikielemewa na madeni na kutazamia zaidi mazao ya makoloni. Likaturudisha kwenye hofu ya mmomonyoko katika milima inayoulisha Mto Ruvu. Tukafika mwaka 1955, hasira zilipolipuka upande wa Matombo na mpango ule ukaachwa. Tukarudi nyuma hadi mwishoni mwa mwaka 1884, Carl Peters alipokusanya mikataba Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, nchi iliyo miguuni pa milima hii. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari wa Ujerumani aliitolea hati ya ulinzi. Hata mwaka 1789 ulipata mlango: nani ana haki ya kumwamuru mkulima ambaye hakuulizwa? Wakulima wa Ufaransa walikuwa na swali hilo pia.

Nisijisifu, hata hivyo. Mwalimu kijana alinikumbusha ukweli mchungu: “Mtihani unataka hoja sita, tena kwa Kiingereza. Nikitumia vipindi viwili kwenye matuta, mada hazitaisha, na matokeo mabaya nitaulizwa mimi, si wewe.” Alisema kweli. Mimi nilikuwa nateremka mlima jioni ile. Yeye alikuwa anabaki.

Ndugu zangu mlio wizarani na halmashauri, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini yana wazo jema: walimu wajifunze pamoja, shuleni kwao. Lakini tukiwafunza kuuliza huku mtihani ukituza kukariri, tunatwanga maji kwenye kinu. Mtihani na mafunzo vibadilike pamoja, na mwalimu apewe muda wa kutoka nje na wanafunzi wake.

Slaidi zangu sikuzitupa. Nilizipanga upya, ya kwanza sasa ni picha ya mteremko ule.